Gemu za kutisha za mtindo wa zamani: anzia hapa, usikwame pale

Kama hujawahi kugusa gemu za aina hii, anza na Iron Lung. Ilitoka mwaka 2022, mtengenezaji wake ni David Szymanski, na unaimaliza kwa takriban saa moja. Umefungiwa ndani ya nyambizi chakavu, chini ya bahari ya damu, na nyambizi yenyewe haina dirisha la kuchungulia. Mbele yako kuna vitufe vya kwenda, kurudi na kugeuka, pamoja na namba tatu: X, Y na pembe unayoelekea. Nyuma yako kuna kitufe cha kamera. Ukikibonyeza, picha ya huko nje inajitokeza taratibu kwenye skrini iliyojaa chenga.

Wengi hukwama kwa sababu wanaiendesha kwa kubahatisha. Chukua karatasi na kalamu. Ramani inaonyesha sehemu za kupiga picha, kwa hiyo andika X na Y ya kila moja kabla hujasogea hata kidogo. Geuza pembe kwanza, tulia, ndipo uende. Ukigeuka na kwenda kwa wakati mmoja namba zote tatu zinabadilika na hesabu inakupotea. Sikiliza mlio wa kihisi: ukianza kupiga haraka, mwamba uko karibu. Achia kitufe, usogee kwa vipande vidogovidogo. Ukiparamia miamba ovyo, safari inaishia hapo.

Kinachotisha humo ni kile usichokiona, na mtindo huu wote umesimama juu ya hilo. PlayStation ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu kuu ya MB 2 tu, na ilipanga ncha za maumbo kwenye skrini kwa namba zisizo na desimali, ndiyo maana kuta zinatetemeka unapotembea. Haikuweza kurekebisha picha zilizobandikwa kwenye maumbo kulingana na umbali, ndiyo maana mistari ya sakafu inajipinda ukiikaribia. Watengenezaji wa leo wanayarudisha makosa hayo kwa makusudi. Uso usioeleweka vizuri, akili ya mchezaji inaumalizia yenyewe, na akili ya mtu aliyekaa gizani haimalizii kwa wema. Basi usizime ule mwonekano wa televisheni ya zamani, wala usipandishe mwangaza mpaka kila kona ionekane. Zima taa ya chumbani, vaa hedifoni, uiache picha ilivyo.

Ukishazoea, nenda kwenye Signalis. Ni kazi ya rose-engine, watu wawili wa Hamburg, Ujerumani, nayo ilitoka Oktoba 2022. Hii ndiyo bora kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo inayowakatisha tamaa watu haraka zaidi. Sababu ni begi. Kwa mpangilio wake wa asili una nafasi sita tu, na bunduki uliyoishika inakula moja. Ukitoka chumba cha kusevu (pa kuhifadhi ulipofikia) na vitu vitano, utafika kwenye ufunguo unaouhitaji ukiwa na nafasi moja, kisha utarudi njia ile ile yenye maadui ili kupunguza mzigo. Toka na bunduki, risasi na dawa moja. Nafasi tatu ziache wazi, vingine vyote viweke kwenye sanduku.

Jambo la pili: ukiangusha adui, usidhani amekufa. Baada ya muda anainuka. Anayelala moja kwa moja ni yule uliyemchoma moto, na vifaa vya kuchomea ni vichache. Vitumie kwenye korido unayopita mara kwa mara, hasa ile iliyo karibu na chumba cha kusevu. Kwenye chumba utakachoingia mara moja tu, mzunguke adui uondoke. Masafa ya redio unayoyakuta ndani ya gemu nayo yaandike kwenye karatasi yako, maana baadhi ya mafumbo yanayataka baadaye.

Anayeogopa kufukuzwa lakini anaupenda muonekano huu atafute Crow Country ya SFB Games, ya mwaka 2024. Ina namna ya kucheza ambayo maadui hawakushambulii, ukabaki na mafumbo tu ndani ya bustani ya michezo iliyofungwa.

FAITH ya Airdorf inarudi nyuma zaidi, kwenye picha za pikseli nene na sauti ya roboti ya miaka ya 1980. Silaha yako ni msalaba. Ukiuinua unasimama pale pale, na adui akikugusa mara moja umekufa. Kukimbia hakusaidii, kwa kuwa padri unayemwongoza anatembea polepole. Mgeukie adui, mngoje akaribie, inua msalaba na usiushushe mpaka arudi nyuma.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu laptopu. Nyingi ya gemu hizi hazili bando sana na zinakubali mashine isiyo na kadi ya grafiksi ya peke yake. Ila faili la zip (gemu iliyobanwa ndani ya faili moja) lifungue lote kwanza. Ukibofya gemu ikiwa bado ndani ya zip, au ukihamisha faili la kuanzishia ukaacha folda la data, haitafunguka. Feni ikinguruma wakati picha ni ya kawaida tu, mara nyingi mashine inazalisha picha mamia kwa sekunde bila kazi. Washa V-Sync, inayozuia picha zisizidi uwezo wa skrini, kwenye mipangilio na itatulia. Kama umenunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, na inagoma kabisa, omba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 na kabla hujafikisha saa mbili za kucheza.

Asiye na pesa ya kununua asijione ameachwa. Mkusanyiko wa Haunted PS1 Demo Disc wa 2020 ni wa bure kwenye tovuti ya gemu ya itch.io, na unakuonjesha gemu nyingi kwa mpigo. Bure pia ni Yume Nikki ya mwaka 2004, ya mtengenezaji wa Japani anayejiita Kikiyama. Msichana analala kitandani, anaingia ndotoni, na kukuta milango 12. Hakuna maelekezo wala mapambano ya lazima, bali vitu 24 vya kukusanya. Jifunze kitufe cha 9 mapema: anajifinya shavu na kuamka. Katika nyumba moja kuna swichi ya taa. Kila ukiizima, kuna nafasi 1 kati ya 64 kwamba msichana anayekaa humo atageuka kitu chenye uso mweupe. Ukimgusa, anakutupa mahali ambapo huwezi kutoka kwa miguu.