Kushindwa kuinuka kigodani si uzee

Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, tupo Majengo, Moshi. Hawezi kuinuka kigodani bila kushika ukuta, na akifunga kilemba mikono inaishiwa nguvu. Kope zimekuwa za zambarau, vifundo vya vidole vina vipele. Wamesema ni dermatomayositisi, kaanza dawa ya prednisoloni. Sasa wanataka kupima kifua, tumbo na matiti. Wanatafuta nini?

Marahaba. Wanatafuta saratani, na wako sahihi. Ugonjwa huu ni wa nadra: kinga ya mwili inageuka na kushambulia misuli na ngozi ya mwenyewe. Kwa watu wazima, takribani asilimia 15 hadi 30 wana saratani pia, ya ovari, mapafu, matiti, tumbo au utumbo, na mara nyingine misuli ndiyo hulalamika kwanza. Hatari ni kubwa zaidi mwaka wa kwanza, lakini haiishii hapo, kwa hiyo picha moja safi isiwalaze usingizi. Halafu mwangalieni akila. Akianza kupaliwa na maji au uji, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Misuli ya koo nayo hulegea.

Nina upele kifuani. Duka la dawa hapa Ngarenaro, Arusha, walinipa krimu, ukafifia, umerudi. Niongeze?

Krimu gani? Kila wiki nauliza, kila wiki naandikiwa "ile nyeupe". Usiongeze. Krimu zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, hufifisha upele, daktari akija kuutazama hakuna cha kusoma. Ngozi yetu yenyewe tayari inaficha: wekundu wa kwenye vitabu kwetu hutoka zambarau au weusi, watu wakasema jua, au mkorogo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Kutoka Arusha ni basi moja tu. Nenda bila kupaka kitu.

Mwanangu wa miaka 9 anao ugonjwa huo wa dermatomayositisi. Naye ana saratani?

Kwa watoto kwa kawaida hauambatani na saratani. Mkinge na jua, asiruke dozi.

Nina nafuu, naweza kuacha prednisoloni?

Hapana! Hupunguzwa kidogokidogo na aliyekuandikia. Ukiikata ghafla baada ya wiki nyingi unaweza kuzimia.

Juzi nilibeba mifuko ya saruji, leo bega la kulia linauma. Ndio ugonjwa huu?

Ni saruji. Ugonjwa huu hulegeza kuliko unavyouma, pande zote mbili, kwa wiki na miezi.