Kabla Hujazifungia Data, Fuata Nyayo Zake

Ilikuwa siku ya kumi na nne tangu tufute taarifa za yule mama. Alijiunga na utafiti wetu kwa hiari, baadaye akabadili nia, akatuandikia akiomba kila kilicho chake kiondolewe. Tulifuta siku ileile na kumjibu kwamba kazi imekwisha. Siku hiyo ya kumi na nne nilikuwa naandaa jedwali la matokeo, nikaona idadi ya washiriki imeongezeka kwa mmoja, na hakuna mtu mpya aliyesajiliwa. Nikatafuta huyo wa ziada ni nani. Alikuwa yeye, pamoja na majibu yake yote, hadi yale aliyotupatia kwa kusitasita.

Hakuna mtu aliyemrudisha. Mfumo ndio uliomrudisha, tena kwa kufuata kanuni zake barabara. Data zetu zilikuwa na nakala tatu kwenye seva tatu. Katika hifadhidata za aina ile, kufuta si kuondoa kitu papo hapo. Ni kuandika alama inayosema rekodi hii imekufa, na wenye fani huiita jiwe la kaburi. Alama hiyo husambazwa kwa seva nyingine, lakini haikai milele, la sivyo diski zingejaa. Katika hifadhidata iitwayo Apache Cassandra, kwa mfano, usipobadilisha mpangilio, jiwe likishatimiza siku 10 linaruhusiwa kuondolewa. Seva yetu moja ilikuwa imezimwa kwa matengenezo siku tuliyofuta, ikakaa nje siku 12. Iliporudi, wenzake walikwisha kuondoa mawe yao. Ikawaonyesha rekodi ya yule mama, nao, kwa kuwa hawakuwa na alama yoyote ya kuikataa, wakaipokea kama kitu kilichowapita.

Tulimwandikia tena na kumweleza ukweli wote. Alijibu kwa swali moja: nakala zangu ziko ngapi?

Ilituchukua wiki tatu kumjibu. Wiki hizo tatu zilinifundisha kuliko miaka yote niliyokuwa nimesoma makala za usalama wa data, na ndizo zinazonifanya nikuandikie wewe unayeanza utafiti kwenye mifumo ya kompyuta iliyosambaa. Watu wengi huanza na swali la kufuli: tutumie usimbaji fiche upi, yaani njia ipi ya kugeuza data zisomwe na mwenye ufunguo tu, na ufunguo uwe na urefu gani. Anza na njia. Rekodi moja inapita wapi, inaacha nini kila inapopita, na nani anabaki na nakala?

Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba kompyuta zilizo mbalimbali haziwezi kutegemea saa moja ya pamoja. Zinachoweza kujua ni ujumbe upi ulitangulia upi. Niliisoma makala yake nikiwa mwanafunzi na nikaiweka kwenye kabati la mambo ya kusawazisha seva. Sikuona kwamba inahusu faragha moja kwa moja. Kwenye mfumo uliosambaa, "futa" ni habari. Habari husafiri, huchelewa, na humpita asiyekuwepo siku inatangazwa. Ukiwa unatoka upande wa faragha, soma watu wa mifumo. Ukiwa unatoka upande wa mifumo, soma watu wa faragha. Pengo kati ya makundi haya mawili ndilo lililomwangusha yule mama.

Basi tulitengeneza mshiriki wa bandia, mwenye jina ambalo hakuna binadamu angepewa, tukamwingiza mlangoni na kumfuata kwa karatasi na kalamu. Simu ya mkusanyaji data ilibaki na nakala yake, kwa sababu programu huhifadhi fomu hadi mtandao upatikane, na ikishatuma haikuwa imeagizwa kusahau. Seva ya kupokea maombi ilikuwa inaandika kwenye kumbukumbu zake anwani nzima ya wavuti ya kila ombi, na nambari ya simu ya mshiriki ilikuwa ndani ya anwani ile, baada ya alama ya kuuliza, maandishi matupu. Jumbe zilizoshindwa kufika ziliwekwa kwenye foleni ya kusubiri kutumwa upya, zikiwa kamili, na hakuna aliyewahi kuiwekea foleni hiyo ukomo. Tulikuta jumbe za miezi minane. Kulikuwa na nakala za akiba za usiku. Kulikuwa na faili la jedwali kwenye kompyuta mpakato ya mchambuzi. Tulihesabu sehemu kumi na moja.

Na njia yote ilikuwa imesimbwa. Hilo ndilo nataka ulishike. Kati ya kituo na kituo hakuna mpita njia angeweza kusoma kitu, lakini kila kituo kilifungua mzigo, kikaunakili, kisha kikaufunga upya na kuupeleka mbele.

Hata yale tuliyodhani tumeyaficha yalikuwa wazi. Nambari za simu tulizipitisha kwenye hashi, ile hesabu inayogeuza kitu kuwa mfululizo wa herufi usioweza kurudishwa nyuma, na kwenye maombi ya kibali cha maadili tuliandika kwa kujiamini kwamba washiriki hawatambuliki. Mwenzangu mmoja aliomba ajaribu. Nambari zilikuwa na tarakimu tisa zinazobadilika, maana yake uwezekano bilioni moja. Aliandika programu ya mistari michache inayopiga hashi ya kila nambari na kulinganisha, akaiacha ikifanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Haikumaliza saa moja. Tulikaa kimya tukitazama nambari halisi zikishuka kwenye skrini, mojawapo ikiwa ya mtu tuliyemfahamu.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2014, data za safari za teksi zaidi ya milioni 170 za New York zilitolewa kwa umma huku nambari za utambulisho wa magari zikiwa zimefichwa kwa hashi ya MD5. Kwa kuwa nambari zenyewe ni chache, zilifunguliwa ndani ya saa chache. Hashi haisaidii pale ambapo vitu vinavyofichwa vinahesabika. Ukihitaji kuunganisha rekodi za mtu mmoja, tumia hashi yenye ufunguo wa siri unaotunzwa na mtu mwingine asiye na data, au mpe kila mshiriki namba ya kubahatisha na uifungie mbali orodha inayounganisha.

Kuondoa majina nako usikuamini sana. Latanya Sweeney alikadiria mwaka 2000, kwa kutumia data za sensa, kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kipekee kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Sisi tulikuwa tunakusanya tarehe kamili. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa kwamba fomu ya zamani ilikuwa nayo. Uchambuzi wote ulihitaji kundi la umri. Tukabadilisha fomu, na hiyo ndiyo hatua ya faragha iliyotugharimu kidogo kuliko zote na kuleta faida kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia kabisa. Dodoso letu lilikuwa na swali gumu kuhusu ugonjwa mmoja. Aliyejibu "ndiyo" aliendelea na maswali kumi na mawili zaidi. Aliyejibu "hapana" aliruka hadi mwisho. Nilipokuwa nakagua mawasiliano yaliyosimbwa, sikuweza kusoma hata neno moja, lakini niliona jumbe za ukubwa wa aina mbili: fupi na ndefu. Yeyote anayetazama waya angejua nani amejibu nini bila kuvunja usimbaji wowote. Tangu hapo tunajazia kila ujumbe hadi ufikie ukubwa uleule. Muda wa kutuma nao unasema, na vilevile nani anawasiliana na nani. David Chaum aliliona hili mapema mno: mwaka 1981 alipendekeza barua zipitie kwa wapatanishi wanaozikusanya, kuzichanganya na kuzitoa kwa mpangilio mwingine ili mtumaji asiweze kuunganishwa na mpokeaji. Mtandao wa Tor, unaoficha nani anawasiliana na nani, ni wa ukoo huo.

Sasa, kushirikishana data kati ya taasisi. Mazoea ni kila mmoja kutuma faili lake sehemu moja, halafu uchambuzi ufanyike hapo. Ninakushauri kwa nguvu zangu zote upeleke swali kwenye data badala ya kuleta data kwenye swali, kila inapowezekana. Tuseme hospitali tatu zinataka kujua jumla ya wagonjwa wao wa aina fulani bila yeyote kutaja idadi yake. Ya kwanza inao 41. Inaivunja namba hiyo vipande vitatu vya kubahatisha: 630, -212 na -377. Inabaki na kimoja, inatuma kimoja kwa kila mwenzake. Wengine wanafanya hivyohivyo. Kila hospitali inajumlisha vipande ilivyonavyo mkononi na kutangaza jibu lake, na majibu matatu yakijumlishwa yanatoa idadi kamili. Kwa vitendo hesabu hii hufanywa kwa mzunguko, kama saa inavyorudi kwenye moja baada ya kumi na mbili, ili kipande kimoja kisitoe fununu yoyote. Mawazo haya si mapya: Adi Shamir aliandika kuhusu kugawana siri mwaka 1979, na Andrew Yao mwaka 1982 aliuliza jinsi matajiri wawili wanavyoweza kujua nani ana mali zaidi bila kutajiana kiasi. Huko Denmark, Januari 2008, wakulima wa viazisukari waliuziana mikataba kwa mnada wa namna hii, bei ikapatikana bila yeyote kuziona zabuni za wengine.

Lakini angalia jibu lenyewe. Wakiwa wawili tu, kila mmoja anatoa namba yake kwenye jumla na kuijua ya mwenzake. Na ukiuliza jumla leo, kisha kesho baada ya mgonjwa mmoja kuongezeka, tofauti ya majibu inamtaja yeye. Ndiyo maana Cynthia Dwork na wenzake watatu mwaka 2006 waliweka misingi ya faragha tofautishi: unaongeza kelele iliyopimwa, yaani kiasi kidogo cha kubahatisha, kwenye jibu, na unahesabu maswali yote kama matumizi ya bajeti inayokwisha. Sensa ya Marekani ya 2020 iliitumia. Sisi tulichelewa kuelewa neno bajeti. Tulikuwa tunaongeza kelele kwa kila swali kisha tunaruhusu swali lilelile liulizwe mara mia, na wastani wa majibu mia unaifuta sehemu kubwa ya kelele.

Yule mama tulimtumia mchoro wa sehemu kumi na moja, kila moja ikiwa na tarehe tuliyoisafisha. Na kila Jumatatu asubuhi mshiriki wetu wa bandia husajiliwa, hufutwa, kisha programu humtafuta kila mahali kwa siku thelathini. Katika mwezi wa nne wa zoezi hili alipatikana sehemu ya kumi na mbili: hifadhi ya muda ya seva inayochora grafu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba ipo. Tuliisafisha mchana ule, na jioni nikakaa kumwandikia yule mama barua nyingine.