Mbona majengo ya katikati ya miji midogo Marekani yanafanana?

Umeuliza mbona maduka ya zamani katikati ya miji midogo ya Marekani yanafanana wakati miji yenyewe iko mbali mbali, jibu kubwa ni reli na katalogi. Mwanzoni mengi yalikuwa ya mbao, moto ukishika moja unakula mtaa mzima, ndo watu wakahamia matofali. Sasa ule uso wa mbele, nguzo za chuma na urembo wa juu karibu na paa, mwenye duka alikuwa anaagiza tu kwa katalogi kwenye kampuni kama Mesker Brothers ya St. Louis, mzigo unakuja na treni, mafundi wa palepale wanafunga. Yaani mji mdogo unapata sura ya jiji bila gharama za jiji, mi hilo linanigusa kweli. Chini duka lenye vioo vikubwa, juu ofisi au watu wanaishi. Miaka ya 1950 na 1960 wengi wakazifunika hizo sura kwa alumini zionekane za kisasa, kwa hiyo kabla hamjabomoa jengo lolote bandueni kwanza, mara nyingi urembo mwingi bado upo chini yake.