Jibu: Kalkulasi au takwimu kwa binti anayelenga Annapolis?

Dada, umeuliza kama binti yako, anayeingia mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Marekani na anayelenga Annapolis, chuo cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, achukue kalkulasi (hisabati ya kasi ya mabadiliko) au takwimu, na kama fizikia anaweza kuiacha kwa kuwa kemia alishafaulu.

Achukue kalkulasi. Pale Annapolis mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana na kalkulasi na kemia pamoja, huku akiamshwa alfajiri kwa mazoezi na kukariri kanuni za jeshi. Aliyekwisha kuzoea kutafuta derivativu hata akiwa na usingizi ana nafuu kubwa. Takwimu ni somo zuri, lakini lisichukue nafasi ya kalkulasi. Kama ratiba inaruhusu, asome yote mawili.

Fizikia asiiache, na iwe ile yenye maabara. Wanaochagua wanafunzi huitazama pamoja na kemia. Kama shule yenu haina mwalimu wa fizikia, aulize chuo cha jamii kilicho karibu, wengi husomea huko. Kozi ya AP, yaani ya kiwango cha chuo inayosomwa sekondari, ni bora, ila asijitwishe nyingi hadi alama zishuke.

Jambo moja hukuuliza, na linaumiza familia zetu nyingi: kadi ya kijani haitoshi, lazima awe raia. Tena anahitaji uteuzi, mara nyingi wa seneta au mbunge wenu wa Bunge la Marekani, na ofisi zao hufunga maombi mapema. Wapigie simu wiki hii.