Mama Mpishi Anajibu: Sosi ya Jibini la Buluu

Swali: Shikamoo, Mama Mpishi. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na huu ni mwaka wa sita tangu nihamie Buffalo, katika jimbo la New York, pamoja na familia yangu. Watoto wangu hawali tena mabawa ya kuku yenye pilipili bila ile sosi nyeupe nzito yenye vipande vya jibini la buluu, na chupa ya dukani haimalizi siku mbili. Nimejaribu kuitengeneza mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza nilitia kila kitu katika blenda, nikapata uji wa rangi ya majivu. Mara ya pili niliongeza maziwa ili ilainike, ikawa nyepesi kama maji, na chumvi ikazidi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Buffalo*

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kwanza niseme kwamba watoto wako wamezoea mila ya mji wanaoishi. Masimulizi ya Buffalo yanaeleza kuwa mabawa hayo yalianza mwaka 1964 katika mkahawa wa Anchor Bar, ambako Teressa Bellissimo aliyakaanga, akayachovya katika sosi ya pilipili, kisha akayaandaa pamoja na vijiti vya seleri na sosi ya jibini la buluu. Kwingineko Marekani watu huchovya mabawa katika sosi ya ranch (sosi nyeupe ya maziwa chachu na majani ya viungo, isiyo na jibini la buluu), lakini mgeni wa Buffalo akikuomba hiyo, jua si mwenyeji.

Sasa tuje kwenye makosa. La kwanza ni blenda. Uzuri wa jibini hili umo katika mishipa yake ya rangi ya buluu na kijani, na ukiisaga pamoja na sehemu nyeupe, rangi hizo huchanganyika zikawa kijivu. Tena krimu chachu ikipigwa kwa nguvu hupoteza uzito wake, kwa hiyo blenda inakuharibia rangi na uzito kwa mkupuo mmoja. Kosa la pili ni kutia chumvi mapema. Jibini la buluu lina chumvi nyingi, na chumvi hiyo haitoki yote papo hapo, bali hujipenyeza polepole ndani ya sosi kwa muda wa saa kadhaa. Ukionja mara tu baada ya kuchanganya, utadhani imepungua, utaongeza, na kesho yake utajuta.

Vipimo ninavyotumia ni hivi: gramu 120 za jibini la buluu, mililita 120 za mayonezi, mililita 120 za krimu chachu, vijiko vikubwa vitatu vya maziwa chachu (yale ambayo huko Marekani huuzwa kwa ajili ya kupikia chapati nene za asubuhi), kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau, nusu ya punje ya kitunguu saumu iliyopondwa hadi ikawa laini kabisa, pilipili manga iliyosagwa wakati huohuo, na matone machache ya sosi ya Worcestershire ukiwa nayo. Wako wanaotia sukari. Mimi siitii, kwa sababu utamu huo huficha ukali ambao ndio umetufanya tununue jibini la bei hiyo.

Chukua theluthi moja ya jibini, uliponde kwa uma ndani ya bakuli pamoja na maji ya limau na kitunguu saumu mpaka liwe rojo. Rojo hilo ndilo litakaloipa sosi nzima ladha. Changanya mayonezi, kisha krimu chachu, kwa kijiko cha mbao au mwiko mdogo, bila kupiga kwa nguvu. Theluthi mbili zilizobaki zivunjevunje kwa vidole vyako, ziwe mabonge ya ukubwa wa punje ya mbaazi, uziingize mwishoni kwa kugeuza taratibu. Maziwa chachu yatie kijiko kimoja kimoja, na uache wakati sosi bado ni nzito kidogo. Funika, weka katika friji kwa saa mbili angalau, au hata usiku kucha, kwa maana mafuta ya mayonezi na krimu yanahitaji muda kunyonya harufu ya jibini. Ukiitoa ndipo uonje chumvi. Mara tisa kati ya kumi hutahitaji kuongeza.

Iwapo ni ya kuchovya mabawa na seleri, iache nzito hivyo. Iwapo ni ya kumwagia saladi, iongezee vijiko viwili vya maziwa chachu, na uhakikishe majani ya letusi yamekauka vizuri baada ya kuoshwa, kwani maji yaliyobaki kwenye majani huteremsha sosi yote chini ya sahani, ukalaumu mapishi yasiyo na hatia.

Kuhusu aina ya jibini, nunua kipande kizima, usinunue lile lililovunjwavunjwa tayari, ambalo mara nyingi hupakwa unga wa kuzuia kugandana na huwa kavu. Roquefort ya Ufaransa, inayotengenezwa kwa maziwa ya kondoo na kuivishwa katika mapango ya Roquefort-sur-Soulzon, ni kali na ni ghali. Kuizamisha katika mayonezi naona ni israfu. Gorgonzola laini ya Italia huyeyuka isiache bonge hata moja. Jibini la buluu la Denmark huvunjika vizuri na bei yake si ya kutisha. Hapo Marekani kwenyewe mnalo Maytag, linalotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe huko Newton, Iowa, tangu mwaka 1941, nalo linafaa sana kwa kazi hii.

Swali: Mama, mimi nafanya kazi ya upishi katika nyumba ya wageni hapa Arusha. Watalii huomba sosi hii, lakini krimu chachu hupatikana kwa nadra, na jibini lenyewe ni la bei ya juu. Je, naweza kutumia mtindi, na jibini la kawaida badala ya la buluu?
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Mtindi, ndiyo, jibini la kawaida, hapana. Maziwa chachu ya Marekani na mtindi wetu ni ndugu, kwa kuwa yote mawili ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria wa uchachu. Tafuta mtindi mzito usio na sukari wala ladha ya matunda, uumimine katika kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa juu ya chujio, uuache ndani ya friji kwa saa nne hadi uwe mzito kama krimu. Yale maji yanayochuruzika usiyamwage, kwani ndiyo utakayoyatumia kupunguza uzito wa sosi, na yana uchachu unaofaa. Kwa kuwa mtindi una uchachu zaidi ya krimu, punguza limau kwa nusu.

Gharama ikikusumbua, punguza jibini la buluu hadi gramu 70 na uponde nusu nzima badala ya theluthi, ili ladha ienee. Ukitumia cheddar utapata sosi ya cheddar, ambayo yaweza kuwa tamu, lakini mtalii aliyeagiza ile nyingine atairudisha jikoni. Na kama unatengeneza mayonezi mwenyewe kwa kiini cha yai kibichi, kumbuka hatari ya salmonela, bakteria wanaoharisha; kwa wageni wanaolipa, mimi ningetumia ya chupa.

Swali: Mume wangu anasema tunakula ukungu, na kwamba mkate ukiota ukungu tunautupa. Nimjibu nini?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Mwambie ana haki kuhusu mkate. Ukungu wa mkate umejialika wenyewe, na hatujui ni wa aina gani. Huu wa jibini unaitwa Penicillium roqueforti, nao hutiwa kwa makusudi, kisha jibini hutobolewa kwa sindano ndefu ili hewa iingie na ukungu uote ndani, na ndiyo sababu mishipa ya buluu mara nyingi hufuata mistari iliyonyooka. Ukungu huo huvunjavunja mafuta ya maziwa, na kutokana na hayo hupatikana ile harufu kali anayoilalamikia. Lakini jibini lako la buluu likiota manyoya ya rangi ya waridi au nyeusi, litupeni.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano na nina hamu kubwa ya sosi hii. Ni salama? Tena, hukaa muda gani katika friji?
*Msomaji, Nairobi*

Jibu: Hongera, mwanangu, lakini subiri ujifungue. Jibini laini la buluu laweza kubeba bakteria wa listeria, ambaye tofauti na wengi wenzake huendelea kuzaliana hata katika baridi ya friji, na madhara yake kwa mtoto aliye tumboni ni makubwa. Hamu ikizidi, tia jibini hilo katika mchuzi wa moto, ulipike mpaka litokote kabisa.

Kwa wengine nyumbani, sosi hukaa siku tano ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri, kwa nyuzi joto 4 au chini ya hapo. Iliyokwisha kukaa mezani zaidi ya saa mbili isirudishwe, na kijiko kilichogusa mdomo kisiingie chomboni. Ikijitenga na kutoa maji juu, igeuze tu kwa kijiko, haijaharibika.