Maswali ya wasomaji: wavu, rula na Bunge

Barua za safari hii zimetoka Kunduchi, Msasani, Ilala, Kigamboni na Mikocheni, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: yanayosemwa bungeni Dodoma kuhusu uvuvi wa baharini yanamfikiaje mtu aliye ndani ya chombo? Tumechagua tano.

Kila kikao cha bajeti tunawasikia wabunge wa pwani wakitusemea, kisha doria zinaendelea vilevile. Bunge lina nguvu kweli juu ya jambo hili? — Mvuvi, Kunduchi

Nguvu linayo, ndugu yetu, ila inategemea mbunge wako umemtuma akaguse nini. Kinachokukamata baharini mara nyingi si Sheria ya Uvuvi yenyewe, Namba 22 ya mwaka 2003. Ni Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake ya 2020. Sheria hutungwa na Bunge: muswada unasomwa mara ya kwanza, unakwenda kwenye kamati, wadau wanaitwa kutoa maoni, unarudi kujadiliwa na kupitishwa, kisha Rais anausaini. Kanuni hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria hiyo, na zikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali zinaanza kazi. Bungeni zinafika baadaye, ambako Kamati ya Kudumu ya Sheria Ndogo huzichambua. Bunge likiona zimekwenda kinyume linaweza kuzitengua kwa azimio, lakini kwa mvuvi huko ni kuchelewa. Kipimo cha jicho la wavu, kina cha maji na saa ya kuvua, yote yamo kwenye kanuni. Ndiyo maana unaweza kusikia mjadala mkali wa sheria na hali yako isibadilike hata kidogo.

Mbunge akisimama na kusema "wavuvi wangu wananyanyaswa", waziri atajibu kwamba Serikali inalifanyia kazi, na habari imeishia hapo. Mpelekeeni swali lenye meno. Chukueni mfano wa sharti la wavu wa ringi, ule wa kuzungushia kundi la samaki, linalotaka kina kisichopungua mita 50, yaani kama pima 27. Hilo lina maswali ya haki kabisa ndani yake: kina hicho kinapimwa maji yakiwa yamejaa au yametoka? Bamvua la hapa kwetu linatofautisha maji kupwa na maji kujaa kwa zaidi ya mita 3. Nani anapima, kwa bildi (kamba yenye uzito ya kupimia kina) au kwa mashine, na kipimo kinaandikwa wapi? Mbunge anapeleka swali hilo kwa maandishi mapema, na siku ya kujibiwa anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Andikeni na hayo mawili kabisa, maana asiyejua bahari akiachiwa ayatunge papo hapo, waziri atatoka bila jasho.

Njia ya pili ni bajeti ya wizara, ambayo hujadiliwa kabla ya Juni 30. Mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate jibu la kueleweka. Hiyo ni silaha ya dakika chache, na inafaa itumike kudai tarehe ya kurekebisha kanuni fulani, iliyotajwa kwa namba yake. Ahadi ya waziri inabaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Chapisheni ukurasa huo, mkae nao kwenye ofisi ya BMU, kikundi chenu cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni.

Nilinunua wavu dukani Kariakoo, risiti ninayo. Doria wakasema jicho ni dogo kuliko inavyoruhusiwa, wakauchukua. Mwenye duka bado anauza ule ule. Nifanye nini? — Tajiri wa boti, Msasani

Tuanze na kipimo, kwa sababu ugomvi mwingi wa namna hii umezaliwa na namna mbili za kupima. Kuna wanaopima upande mmoja wa jicho, fundo hadi fundo. Kuna wanaolivuta jicho mpaka pande zake zibanane, wakapima kutoka fundo la mwisho mmoja hadi fundo la mwisho wa pili. Kipimo cha pili ni karibu mara mbili ya kile cha kwanza. Wavu ambao mmoja anauita inchi moja na robo, mwingine anauita inchi mbili na nusu, na wote wanasema kweli. Kipimo kinachotumika kwenye mambo ya uvuvi ni cha jicho lililovutwa. Dukani usiulize tu "hii inchi ngapi?" Chukua rula, livute jicho, upime mwenyewe mbele ya muuzaji, na utake risiti iandikwe ukubwa wa jicho pamoja na aina ya uzi. Risiti iliyoandikwa "wavu 1" haikusaidii popote.

Angalia pia uzi wenyewe. Ule mwembamba unaong'aa kama mshipi, ambao wavuvi wanauita timba, umekatazwa hata jicho likiwa kubwa. Kokoro la kuvuta ufukweni halina jicho linaloruhusiwa. Bunduki ya mishale na kuzamia kwa mitungi ya hewa navyo vimekatazwa kwenye uvuvi.

Wavu uliotumika una shida yake. Nyuzi hujikunja kwa chumvi na jua, mafundo hukaza, na sehemu iliyoshonwa upya huwa na macho madogo kuliko mengine. Anayepima jicho moja tu, tena kwenye kiraka, hajaupima wavu. Omba uloweshwe, yapimwe macho kadhaa mfululizo sehemu mbili au tatu tofauti, mbali na kamba ya maboya na ya chubwi, na kila kipimo kiandikwe. Omba kwa adabu, mbele ya kiongozi wa BMU.

Sasa karatasi. Mali yako ikichukuliwa, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka upewe risiti ya ukamataji, iliyosainiwa nawe na shahidi. Isome kabla ya kusaini. Iwe imetaja aina ya wavu, urefu wake, ukubwa wa jicho uliopimwa, mahali, tarehe na saa. Kama haukupimwa mbele yako, andika hivyo hivyo kwa mkono wako juu ya saini.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufifilisha kosa: unakiri kwa maandishi, unalipa faini, kesi haiendi mahakamani. Ni ya haraka, lakini ukishakiri umekiri, na safari ijayo utahesabiwa kuwa mtu aliyewahi kutenda kosa. Malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya Serikali na utoke na stakabadhi. Fedha ya mkononi ufukweni si faini. Njia ya pili ni kukataa kosa na kwenda mahakamani, na hapo karatasi zile ndizo zitakazokusemea. Ukiambiwa wavu utateketezwa, omba kuona amri ya mahakama.

Kuhusu mwenye duka, hasira yako tunaielewa na tunaiunga mkono. Juni 2018, maofisa wa uvuvi waliingia kwenye mgahawa wa Bunge jijini Dodoma na rula, wakapima sato waliokwisha kupikwa, na mwenye mgahawa akatozwa faini ya shilingi 300,000. Bunge lilichafuka, na Spika wa wakati ule, Job Ndugai, alikemea waziwazi. Wengi waliibakiza habari ile kama kichekesho cha rula. Kwetu ilionyesha mahali udhibiti ulipopotea njia: samaki yuko sahanini, amepita kwa mvuvi, dalali, mchuuzi na mpishi, ndipo anapimwa. Wavu haramu hupita bandarini na kwenye maghala ya jumla kabla haujafika Msasani, na kontena moja lililozuiwa pale linaokoa mamia ya misako ya baharini. Peleka nakala ya risiti yako kwa ofisa uvuvi wa manispaa, kwa barua, ukitaja duka. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo hiyo mpe mbunge, maana swali la nani anaagiza nyavu hizi ndilo linalostahili kuulizwa kila mkutano wa Bunge mpaka lijibiwe.

Nachukua samaki mnadani Feri. Nitamjuaje aliyeuawa kwa baruti, na nikikutwa naye kosa ni langu? — Mama muuza samaki, Ilala

Mama, kosa linaweza kuwa lako, kwa sababu kumiliki na kuuza samaki waliovuliwa kwa njia haramu ni kosa pia. Usitegemee dalili moja. Samaki aliyelala juani naye hulegea, kwa hiyo tafuta mambo matatu kwa pamoja. Mshike kichwa na mkia umnyanyue: wa baruti huning'inia kama kitambaa, kwa kuwa uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama. Mpasue mmoja: tumboni kuna damu iliyovia, kibofu cha hewa kimepasuka, na mifupa ya mbavu inachomoka kwenye nyama bila kuvutwa. Kisha mtazame ngozi yake. Wa wavu huwa na alama za nyuzi kwenye mashavu au mgongoni, wa mshipi ana tundu mdomoni. Asiye na alama yoyote nje na ndani amevurugika, mwache. Mkumbuke dalali aliyekuletea na uandike chombo kilichomshusha. Mlipuko mmoja unaua wakubwa, watoto na mayai yao, na matumbawe yanayovunjika huchukua miongo kurudi, kama yatarudi.

Kwa nini meli kubwa za nje zinavua huko mbali na sisi wa ngalawa ndio tunaofukuzwa? — Kijana, Kigamboni

Ni maeneo mawili yenye wenyewe tofauti. Maji ya kitaifa yanaishia maili 12 za baharini, kama kilomita 22 kutoka pwani, na huko Bara na Zanzibar kila upande una sheria yake, kwa kuwa uvuvi si jambo la Muungano. Kuanzia hapo hadi maili 200 ni ukanda wa kiuchumi, wenye ukubwa wa kama kilomita za mraba 223,000, unaosimamiwa kwa pamoja na Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao yake Fumba, Zanzibar, chini ya sheria ya mwaka 2020.

Ulinzi wa huko ni wa gharama na ushahidi wake ni mgumu. Mwaka 2009 ilikamatwa Tawariq 1, meli ya wale walioitwa "samaki wa Magufuli", ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mifugo na uvuvi. Samaki waligawiwa kwa umma, washtakiwa wakatiwa hatiani mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu kwa dosari za mwenendo wa kesi. Kukamata ni nusu ya kazi.

Mjadala mwingine mkubwa bungeni ulikuwa wa tozo ya dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu, iliyowekwa mwaka 2016. Ilidai kiasi kile kile kwa jodari wa bei kubwa na kwa samaki wa bei ndogo. Jodari anahama, hana mpaka, kwa hiyo meli ziliacha kukata leseni kwetu zikamsubiri kwenye maji ya jirani. Tozo ikaja kuondolewa. Waliotetea kwamba nchi inastahili mgao wa haki walikuwa sahihi, ila mgao huo ulihitaji kupangwa kwa aina na thamani ya samaki.

Naweza kutupa mshipi nikiwa matembezini kisiwani Bongoyo? — Msomaji, Mikocheni

Hapana. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Hata kombe na matumbawe hayachukuliwi. Kiingilio chako kinalipia kuogelea, kupiga mbizi na kukaa ufukweni.