Fundi kaniwashia "kasi" kwenye ruta, sasa wapangaji wote wanakwama

SWALI: Mhandisi, nipo Mwanga, Kigoma. Nina faiba ya 20 Mbps tunayotumia na wapangaji wanne, kila mmoja nimemwekea kikomo cha 4 Mbps kwenye ruta. Fundi kaniwashia uharakishaji wa hadiwea ili intaneti ikimbie. Kasi ni ileile, ila sasa mmoja akishusha filamu wote tunakwama. Ruta imekufa?

JIBU: Ruta yako ni nzima, ndugu yangu. Zima alichowasha, uiwashe ruta upya, na vikomo vyako vitarudi.

Kwa kawaida kila pakiti (kipande kidogo cha data) hupita kwenye prosesa, na vikomo vyako vinakaa hapohapo. Ukiwasha uharakishaji, prosesa hushughulikia pakiti za mwanzo tu za kila muunganisho. Zinazofuata hupitishwa moja kwa moja na sehemu maalumu ya chipu, bila prosesa kuzigusa. Kwenye ruta nyingi za nyumbani, pakiti hizo hazipiti tena kwenye foleni yoyote ya vikomo. Ndiyo maana mpangaji mmoja anameza laini nzima.

Kinachonikera ni hii imani kwamba uharakishaji unaongeza intaneti. Hauongezi hata kidogo! Unaipunguzia prosesa kazi, basi. Chukua chipu ya MT7621, yenye prosesa ya 880 MHz, iliyomo kwenye ruta nyingi za bei ya kati: huanza kuhema laini ikifika mamia ya Mbps. Mwenye laini ya 500 Mbps awashe, atauona utamu wake. Kwa 20 Mbps prosesa hiyo iko likizo. Kama ruta yako inatumia OpenWrt (mfumo huria wa kuendesha ruta), ingia kwa SSH, yaani njia ya kuipa ruta amri za maandishi kutoka kwenye kompyuta, andika amri ya top wakati mtu anashusha filamu, utazame idle, yaani asilimia ya muda prosesa imekaa bure: itakuwa juu. Dawa yako ni SQM, kipanga foleni cha OpenWrt, yenye cake, mbinu inayogawa laini kwa haki; uiwekee 18 Mbps ili foleni ibaki kwako, isihamie kwa mtoa huduma.

Sasa hawa vishoka wa "kufungua spidi". Wanatoza hela kwa kubonyeza kitufe kimoja. Wengine wanapakia programu endeshi (firmware) ya toleo jingine la ruta: jina la ruta ni lilelile, lakini v1 na v2 zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, na ruta haiwaki tena. Soma lebo ya chini kabla mtu hajagusa chochote. Wabaya zaidi wanaacha usimamizi wa mbali wazi na nywila ya admin, au wanabadili DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) bila kukuambia. Fundi akishaondoka badilisha nywila, funga usimamizi wa mbali, na kagua DNS mwenyewe.